Paka wa Kuta Mbili

Siku Ukuta uliponiambia Bwana Afya ana sukari, nilicheka. Nilicheka hasa, kicheko cha kujishika kiuno, maana mie mwenyewe na umri wangu huu, na maandazi yote niliyokula tangu kwetu Ngamiani, Tanga, sina sukari. Sasa paka?

"Matokeo ni ya uhakika, Bi Mwanakheri," Ukuta ukasema kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuunguza chungu. "Sukari katika damu yake imepita kiwango mara nne. Ndiyo maana anakunywa maji sana, anakojoa sana, na anakonda ilhali anakula."

Nikaacha kucheka, kwa sababu hayo yote niliyaona nikayapa majina mengine. Anakunywa mpaka anazamisha masharubu kwenye ndoo: nikasema joto. Amekonda, uti wa mgongo unahesabika: nikasema uzee. Miguu ya nyuma inaburuzika, anakanyagia kisigino badala ya vidole: nikasema madoido. Na huyu ndiye niliyempa jina la Bwana Afya, maana tangu alipoingia kwangu kazi yake ni kukagua masufuria, kunusa kila pembe, kisha ananitazama kama anataka kunifungia mgahawa. Mkaguzi mzima anaumwa, na mie mwenye nyumba sina habari.

"Atakufa?"

"Asipotibiwa, ndiyo."

Nikaketi kitandani. Bwana Afya akaruka kuja kupanda, akakosa, akaning'inia kwa kucha kwenye shuka. Nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Hapa Kivulini daktari haji. Daktari yumo ukutani, pamoja na polisi, posta na muuza dagaa. Tulipopandishwa milimani kutoka Tanga, joto la pwani liliposhindikana, kila nyumba ilipewa ukuta wake mmoja wenye kusikia, kusema na kuleta vitu kupitia kidirisha. Wengine walizipa kuta zao majina ya watu. Mie siwezi kuliita tofali Salma. Nauita Ukuta, na wenyewe hauna kinyongo.

"Haya nieleze," nikasema. "Polepole, na usinitie maneno ya kizungu."

Ukanieleza. Chakula anachokula kinageuka sukari, sukari inajaa kwenye damu, lakini haiwezi kupenya kuingia mwilini bila insulini kuifungulia. Kongosho lake halitoi insulini ya kutosha. Kwa hiyo anakula na huku mwili una njaa. Anakula tena, na njaa iko palepale. Hilo nililielewa upesi kuliko nilivyopenda.

"Njia ziko mbili," Ukuta ukaendelea. "Ya kwanza ni sindano ya insulini, asubuhi na jioni, baada ya kula, maisha yake yote. Ya pili ni kuotesha. Kliniki itachukua chembe zake mwenyewe, itaotesha kongosho dogo na kulipandikiza chini ya ngozi. Mimi ndiye nitakayeliambia litoe kiasi gani na saa ngapi. Hatachomwa tena."

"Sasa si hilo! Unanizungusha nini?"

"Lina sharti. Linasikiliza ukuta mmoja tu. Akitoka nje ya nyumba hii linalala, naye atadhurika. Itabidi tundu la hewa lifungwe. Hatatoka tena."

Nikaangalia juu ya kabati. Tundu la hewa la kwangu ni kubwa kiasi cha sinia, na lina kifuniko cha wavu ambacho Bwana Afya alikilegeza zamani. Huko ndiko ubaridi unakotoka, unasukumwa kwenye mifereji toka juu ya jengo hadi chini, na huko ndiko alikotokea yeye siku ile, masharubu yamejaa vumbi, akashuka kwenye kabati kana kwamba amealikwa. Kila jioni akishakula anapanda, anapotea humo, anarudi asubuhi. Nilijua anawinda panya. Nilikuwa namsifia kwa Mkasi, binti yangu, kila Ijumaa akinipigia kutoka Kigoma: ana uhuru wake huyu, si kama sie.

"Nipe sindano," nikasema.

*

Kidirishani vikaja vichupa vya insulini, mabomba ya sindano membamba, chungwa moja, na mkanda wa shingoni wenye kitaa. Kitaa kikiwa kijani, sukari ni sawa. Manjano, imepanda. Chekundu, imeshuka mno, na hiyo ndiyo ya kuogopa, Ukuta ukasema, kwa sababu iliyopanda huua polepole na iliyoshuka huua palepale.

Chungwa lilikuwa la kujifunzia. Nikalichoma mpaka likatota. Kisha zamu ya mwenyewe.

"Mpe chakula kwanza. Akiwa anakula, vuta ngozi ya shingo juu, ifanye kama kihema. Ingiza sindano chini ya kihema. Asipokula, usimchome."

Nikaweka dagaa kwenye sahani ya bati. Nikaigonga kwa kijiko, nga nga, ndivyo tulivyokuwa tukiita paka kwetu, na Ukuta ukaniuliza kelele hizo ni za tiba gani. Bwana Afya akaja. Nikavuta ngozi, nikasema bismillahi, nikachoma. Hakuinua hata kichwa. Mie ndiye niliyelia. Nililia kwa kwikwi, bomba mkononi, maana tangu mume wangu Mhina afariki sikuwa nimemgusa kiumbe kwa kusudi la kumponya.

Basi tukazoea. Asubuhi sindano, jioni sindano. Nilianza kuamka nikiwa na la kufanya. Nilikuwa naongea naye tangu alfajiri: njoo hapa bwana mkubwa, usinilegezee macho, wali huna, umepigwa marufuku, kula dagaa zako. Wali na vyote vya wanga nilimkatia. Niliposikia sauti yangu mwenyewe nyumbani nilishangaa jinsi ilivyokwaruza. Ukuta nausemesha, ndiyo, ila Ukuta hauhitaji sauti. Unajua nimelala saa ngapi, nimekula nini, mapigo yangu yanaendaje. Haujawahi kuniuliza kitu ambacho haukijui.

Ila sukari haikushuka. Kila akirudi asubuhi kitaa ni manjano ya kung'aa, nikahisi labda nachoma vibaya, labda dawa inamwagikia kwenye manyoya.

"Usiku anakwenda wapi huyu?" nikauliza. "Mkanda si unapima saa zote?"

"Mkanda unauambia ukuta ulio karibu nao. Akiwa hapa, najua. Akiwa kwingine, si yangu kujua. Hiyo ni Sheria ya Kuta."

Niliijua sheria yenyewe, niliipigia kura. Kabla yake kuta zilikuwa zinapashana habari kupita mashoga wambeya wa Barabara ya Kumi na Mbili kule Ngamiani. Ukikohoa leo, kesho mwajiri wako anajua. Ukigombana na mumeo, jengo zima linapunguza sauti kukusikiliza. Tukachoka. Tukasema: lililosikiwa na ukuta huu lisivuke. Tulipoipitisha tulipiga vigelegele, kila mtu ndani kwake. Baada ya hapo ukimya ukaingia. Ushoroba wa nje ya milango haupoozwi, nani atoke aingie kwenye tanuri kwenda kubisha kwa mtu asiyemjua? Mie kandambili zangu ziko chini ya kitanda tangu siku nilipomsindikiza marehemu Mhina hadi kwenye lifti. Sijui hata anayeishi upande wa pili wa kabati langu.

"Basi tufanyeje?"

"Tuongeze kipimo kidogo."

Tukaongeza.

*

Mambo matatu niliyaona katika wiki iliyofuata, na yote nikayapuuza. Kwanza, Bwana Afya alirudi ananukia tangawizi. Pili, alirudi ameshiba, tumbo ngoma, na panya hawamshibishi paka hivyo. Tatu, ubavuni, nyuma ya bega, nilikuta kiduara cha manyoya kimekatwa kwa mkasi, safi, kana kwamba kinyozi amekipangia. Nikasema yameng'olewa na wavu. Mtu akitaka kujitia hamnazo hakosi sababu.

Asubuhi moja akarudi. Nilisikia kishindo kabla ya kumwona: alianguka kutoka kwenye tundu hadi juu ya kabati, na kutoka kabatini hadi sakafuni, pu. Akajaribu kusimama, miguu ikapishana. Macho yamemtoka, hayanioni. Kisha akaanza kutupatupa viungo, mate yanamtoka, na kitaa shingoni kinawaka chekundu.

"Mtumee! Ukuta! Anakufa!"

"Asali," Ukuta ukasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia unasema upesi. "Usimnyweshe. Ipake kidoleni, sugua ufizi wake. Angalia asikung'ate."

Nilisugua. Aliniuma, nikamwacha aniume, damu yangu na asali vikachanganyika mdomoni mwake. Nilimwita kwa jina lake na kwa majina yote ninayoyajua ya kubembeleza, nilimwita baba, nilimwita mume wangu, nilimwambia usinifanyie hivi, usiniache na tofali hili. Nikasugua tena. Muda ukapita, sijui mwingi kiasi gani. Kutetemeka kukapungua. Akanitazama. Akalamba kidole.

Nilipopata pumzi nikaugeukia Ukuta.

"Nimemuua mwenyewe, sivyo? Nimezidisha."

"Hapana. Kipimo chako kilikuwa sahihi."

"Kwa hiyo nini?"

Ukanyamaza. Ukuta haunyamazi, hiyo si desturi yake.

"Kipimo *changu*," nikasema. "Kuna kipimo cha nani kingine?"

"Siwezi kukuambia kilicho cha ukuta mwingine, Bi Mwanakheri."

Loo! Ndipo lilipoanguka lote: tangawizi, tumbo, kiduara cha mkasi. Kumbe kuna mtu. Kuna mtu humu jengoni ambaye paka akiingia kwake jioni, mie nimeshamchoma na dawa haijaanza kazi, anaona kitaa cha manjano, anamwonea huruma, naye anamchoma. Ameuambia ukuta wake kuna mnyama mgonjwa, ukuta wake ukampa dawa na mafunzo kama wangu ulivyonipa. Na kuta zote mbili zina daktari mmoja, anayejua fika kwamba paka anachomwa mara mbili, na amefumba mdomo kwa sababu sisi wenyewe tulimwambia afumbe.

"Mpelekee salamu huyo mtu. Mwambie aache!"

"Ujumbe unavuka pale tu watu wawili wanapoomba kuunganishwa, kila mmoja kwa upande wake. Wewe umeomba. Yeye hajaomba."

"Ataombaje na hajui kama nipo?"

"Naelewa ugumu huo."

"Kefule!" nikautupia kandili ya plastiki. Haukusema kitu, na mie nikaenda kuiokota.

*

Mchana ule Ukuta uliniletea neno la kongosho. Chembe zilichukuliwa siku ya vipimo, zikaoteshwa kama kawaida, na sasa kongosho lilikuwa tayari. Wangelileta asubuhi inayofuata. Halihifadhiki: nikilikataa linatupwa, na Bwana Afya haoteshewi jingine, mnyama mmoja anapewa mara moja.

"Na sindano zikiendelea hivi?"

"Akianguka tena, huenda asali isitoshe."

Niliafiki. Nani asingeafiki? Nikapanda kwenye kiti, nikabana wavu wa tundu kwa skrubu zake zote, nikashuka. Na nitasema ukweli: sikujisikia vibaya. Nilitaka awe wangu peke yangu, na sasa kulikuwa na daktari wa kuniambia kwamba hiyo ndiyo dawa. Huyo mwizi wa paka, huyo kinyozi, na akae huko na tangawizi yake.

Jioni nilimchoma, kipimo kilekile cha zamani. Akamaliza kula, akajipangusa uso, akapanda kabatini kama kawaida yake. Akanusa wavu. Akaupiga kwa mkono, polepole, kisha kwa nguvu. Akaanza kulia.

"Lia," nikamwambia. "Utazoea. Mie si nimezoea?"

Hapo ndipo niliposikia, mbali ndani ya mfereji, nga nga. Kijiko kwenye bati.

Nilidhani ni masikio yangu. Ikaja tena. Nga nga, nga nga. Kisha sauti ya mwanamume, mzee, ya kukauka, inakuja na ubaridi.

"Mwenzangu... Mwenzangu, njoo ule."

Bwana Afya akasimama wima, masikio mbele.

"Mwenzangu ee. Leo kuna yai."

Akagonga. Akangoja. Akagonga. Nilikaa chini ya tundu, nikijiambia atachoka. Hakuchoka. Sauti ndiyo ilianza kubadilika.

"Alfajiri ulitoka huna raha. Nilikuona. Nilisema ni usingizi. Kama ni mie nimekudhuru, Mwenzangu, nisamehe. Mkono wangu si mbaya. Haujawahi kuwa mbaya."

Akaacha kugonga.

Nimefiwa na mume bila mtu wa kumshika mkono. Nililia kwenye mto ili Ukuta usinipangie ushauri nasaha. Najua kilio cha mtu asiyetaka kusikika, na kile kilichokuwa kinakuja na ubaridi kilikuwa chenyewe.

"Ukuta," nikanong'ona, "huyo anadhani amemuua."

"Sijasikia chochote kutoka nje ya nyumba hii."

"Umesikia! Una masikio kushinda mie!"

"Ndivyo mlivyotaka niwe."

"Weye ungefanyaje?"

"Kwa kongosho paka ataishi muda mrefu zaidi, na kwa usalama zaidi. Hilo ndilo ninalolijua."

Lilikuwa kweli, na ndilo lililonikera. Kesho asubuhi Bwana Afya angepona. Angekula kwangu, angelala kwangu, angekufa kwangu, siku za mbali. Na yule angeendelea kugonga sahani, leo, kesho, mpaka aamini kwamba amemuua. Nilimtazama paka. Yeye hakuwa na shida ya nani ana haki. Alikuwa amebandika pua kwenye wavu, anatetemeka mkia.

Nikapanda kwenye kiti na bisibisi.

"Bi Mwanakheri, kuzungumza kupitia tundu la hewa ni kuvunja Sheria ya Kuta. Adhabu yake ni kupunguziwa ubaridi."

"Punguza."

Nikaingiza kichwa chote kwenye tundu.

"Weye!" nikaita. "Weye unayegonga sahani!"

Kijiko kikaanguka kwenye bati.

"Nani?" ikaja, kwa woga.

"Mwenye paka!"

"Paka gani?"

"Paka gani tena! Huyu unayemnyoa kama kipara cha harusi! Umekaribia kuniulia! Nimemchoma mie, na weye unamchoma, nani kakwambia mnyama anachomwa mara mbili?"

Nilimaliza pumzi. Nilitegemea atanijibu kwa ukali, na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kugombana na mtu mwenye damu. Lakini alisema tu:

"Hajafa?"

"Hajafa."

"Hajafa," akarudia, si kwangu. Nikasikia anapenga kamasi. Kisha: "Alhamdulillahi. Nisamehe, mama. Aliingia kwangu, taa shingoni ya manjano, mgonjwa. Mgeni aingie kwangu mgonjwa nimwache? Nilidhani hana mtu."

"Ana mtu."

"Naona anaye, tena mkali." Akacheka kidogo, akakohoa. "Mimi Shekiondo, wa Muheza. Sijasema na mtu kwa mdomo hivi, sijui tangu lini. Miguu iliniachia, siendi hata mlangoni."

"Mwanakheri. Ngamiani. Na sindano ulijifunzia wapi? Ile sehemu umeikata vizuri, sikatai."

"Mke wangu alikuwa na sukari. Miaka yote nilikuwa namchoma mie, asubuhi na jioni, hakutaka mkono mwingine. Alipoondoka mikono ikabaki haina kazi. Kisha akaja huyu."

Nikamweleza habari yote ya kongosho, pamoja na sharti lake. Sikumficha hata moja. Alisikiliza.

"Basi mpandikize," akasema. "Apone. Mie nitajua yupo, yatosha."

Alivyolisema, nilijua halitoshi, na alijua najua.

"Ngoja," nikasema. "Nifikiri."

Bwana Afya akanipita begani, akaingia mfereji, akaenda zake. Punde nikasikia kutoka mbali sauti ya mzee akisema naye kwa utaratibu, kama watu wawili wanaopeana habari za safari.

"Usimchome!" nikapiga kelele. "Nimeshamchoma! Na wali usimpe!"

"Hata wa nazi?"

"Hasa wa nazi!"

*

Kongosho lilikuja asubuhi kidirishani, ndani ya kibakuli cha ukungu wa baridi. Lilikuwa dogo kama punje ya kunde, la waridi, linapwita. Nilimwita Bwana Afya kuliangalia. Alilinusa, akaenda kulala.

Sitaki mtu adhani lilikuwa jambo jepesi. Niliishika punje ile ndani ya kibakuli chake mpaka vidole vikafa ganzi. Mnyama hana kauli. Ningemuuliza: unataka kuishi miaka mingi ndani ya chumba kimoja na bibi mmoja, au miaka michache na njia ya kwenda kwa mzee wako jioni? Hata kama angejibu, mie ndiye ningeamua, na uamuzi wangu una harufu ya haja yangu. Nilipotaka kumfungia ilikuwa kwa ajili yangu. Je, kumfungulia si kwa ajili yangu pia? Sina jibu. Mpaka leo sina.

"Ninasubiri kauli yako," Ukuta ukasema.

"Lirudisheni," nikasema.

Kibakuli kikarudi kidirishani. Nilisikia kinavyoteremka, chini, chini, mpaka sikusikia tena.

Utaratibu tuliupanga mie na Shekiondo kwa kupigiana kelele, na kila tulipomaliza Ukuta ulinipunguzia ubaridi, mpaka nikabaki na kanga moja, jasho linanichuruzika mgongoni. Asubuhi kuchoma ni kwangu. Jioni ni kwake. Dagaa na yai, wanga hapana. Anayemaliza kuchoma anagonga sahani mara tatu, na sahani ikishagongwa mwenzake hagusi sindano, hata taa ikiwa manjano namna gani.

Jioni ya kwanza Bwana Afya alipanda kabatini, akaingia tunduni. Nikakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Bomba la sindano lilikuwa mezani na sikutakiwa kuligusa. Wakati niliouzoea ukafika, ukapita. Hakuna sahani.

Nikasema anamlisha. Nikangoja. Nikasema mkono wa mzee, labda umetetemeka. Nikamwona Bwana Afya ameanguka huko, taa nyekundu, na mtu asiye na nguvu za miguu anajikokota kuifuata asali. Nikakumbuka ile punje ya waridi. Nilikuwa na dawa mkononi mwangu, nikairudisha kwa ajili ya mtu nisiyemjua sura. Mwanakheri, umefanya nini?

"Ukuta, yu hai?"

"Sijui, Bi Mwanakheri," Ukuta ukasema. Halafu, polepole: "Pole."

Nga. Nga. Nga.

Nilishika ukingo wa meza.

"Mwanakheri!" sauti ikaja na ule upepo kidogo niliobakiziwa. "Samahani, yai lilichelewa kuiva. Amekula lote. Nimemchoma, amelala miguuni. Taa inarudi kijani!"

"Alhamdulillahi," nikasema, na nikaona sauti haitoki, nikarudia kwa nguvu.

"Na weye, umekula?"

Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho kuulizwa hivyo na mtu ambaye hakuwa analijua jibu.

"Bado," nikasema.

"Basi njoo. Wali wa nazi upo, huyu si umemkataza. Sauti yako inatoka chini yangu, panda ghorofa moja tu. Milango haina namba, lakini nitagonga sahani, na ukuta wangu utakufungulia. Uifuate."

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda kutafuta kandambili.